Kambare Waliovuka Tuta

Matonya wa Chilonge alizaliwa katika tembe la baba yake, akakua nyuma ya mikia ya ng'ombe, na hadi anaota mvi hakuwa ameshika samaki kwa mkono wake. Aliwaona tu wakipita. Kwa Mgogo hilo si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kwamba huyo huyo ndiye aliyefunga safari hadi Bahi kuomba kambare, kama mtu anavyoomba kuwekewa mtamba, na watu wakamcheka mpaka mbavu zikawauma. Waache wacheke. Miaka iliyofuata wao ndio waliokuwa wa kwanza kufika mtoni na matenga yao, na sijasikia kwamba kuna aliyeona haya.

Korongo la Chilonge huwa kavu miezi minane kwa mwaka. Ni mchanga mweupe, nyayo za mbuzi, na visima vifupi ambavyo wanawake huvichimba kwa kibuyu. Linaanzia vilimani, linapita chini ya kijiji, kisha linakwenda kujimwaga katika mbuga ya Bahi, kwenye matope na matete ambako kambare hukaa kiangazi kizima wakingoja. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha vilimani, maji hushuka na kambare hupanda. Wanakwenda kinyume cha mkondo, matumbo yamejaa mayai, na penye maji haba hujikokota juu ya nyasi kwa mapezi, mpaka wafike kwenye bwawa lililo juu ya kijiji, chini ya majabali, mahali walipozaliwa wao na mama zao. Pale, maji mapya ya vilimani yanapoingia, hutaga. Maji yakianza kupungua hushuka, na watoto wao nyuma yao.

Sheria ya mto ilikuwa fupi, na kila mtoto aliijua kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Kambare anayepanda haguswi. Ana mzigo, mwache apite. Anayeshuka ameshautua, huyo ni wako. Wakati wa kushuka wanawake waliingia majini na matenga, wakala waliokula, na wale ambao ukoo wao hauli samaki walikaa ukingoni wakitia maneno ya mzaha.

Aliyeijua siku ya kupanda alikuwa mama yake Matonya. Uzeeni alibatizwa akaitwa Loisi, na Petro, mwalimu wa misheni, ndiye aliyemchagulia jina hilo. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando siku nyingi, lakini masikio yalikuwa yamerithi kazi ya macho. Alilala karibu na ukuta wa upande wa mtoni. Alfajiri ya mvua ya kwanza aliegemeza shavu kwenye udongo wa ukuta, akasikiliza, na kijiji kizima kikamngoja. Alisema maji yana sauti yake, na samaki ndani ya maji wana sauti nyingine, kama ya mtu anayepapasa nyasi akitafuta kitu kilichomdondoka. Akishaisikia alitabasamu na kusema, "Wamefika." Basi mwaka ulikuwa umefunguka, na watu wakatoa mbegu zao vihengeni.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, ule ambao mtama ulikauka kabla haujafika magotini. Anyesi, binti yake Matonya, alikuwa na miaka minne, amekonda mpaka kichwa kinaishinda shingo. Ng'ombe hawakuwa na maziwa. Mvua ilipochelewa, kisha ikaja, kambare walipanda wachache tu. Loisi aliwasikia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwambia mtu. Alipapasa njia peke yake hadi mtoni, akaingiza mikono majini, akamshika mmoja aliyekuwa akipanda, jike lililojaa mayai. Akampikia mjukuu wake mchuzi siku tatu, na Anyesi akapona.

Mwaka uliofuata kambare hawakupanda. Wala wa pili hawakupanda.

Kwa mwenye macho sababu ilikuwa wazi. Katika miezi hiyo reli ya Wajerumani ilitoka Dodoma ikielekea magharibi, na ili gari la moshi livuke korongo, kulijengwa tuta refu la udongo na mawe, likaachiwa tundu moja la kupitishia maji. Waliolijenga walifikiria kinachoshuka. Hakuna aliyefikiria kinachopanda. Sakafu ya tundu ilikuwa ya mawe, na upande wa chini maji yalianguka kimo cha kiuno cha mtu. Kambare anaweza kutambaa matopeni na kuvuta hewa kama wewe na mimi, lakini kuruka hajui.

Matonya alimweleza mama yake habari ya tuta. Bibi akauliza urefu wake na upana wake, akauliza lina mawe au halina, kisha akatikisa kichwa.

"Mto hauzuiwi na udongo, mwanangu," alisema. "Umezuiwa na mkono wangu."

Alikwenda kutubu kwa mwalimu Petro, akashikwa mkono na Anyesi hadi misheni. Petro, mtu mpole, alimwambia kwamba Mungu amemsamehe tangu siku ile ile. Loisi alimshukuru. Njiani akamwambia mjukuu wake kuwa kwa Mungu hana wasiwasi, ila kambare wenyewe bado hawajasema kitu. Baada ya hapo kila Anyesi alipotwanga uani, bibi alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, kwa maana ile mikono iliyoshika mchi ilikuwa hai kwa sababu ya kosa lake.

Huo ndio mzigo uliomlalia Matonya. Mama alikuwa anapungua. Alikula vijiko viwili vya uji, akaegemeza shavu ukutani hata katikati ya kiangazi, wakati mtoni hakuna kitu ila mchanga na upepo. Matonya hakutaka mama yake aende kaburini akiamini kwamba aliuua mto. Machungani, jua la saa sita likimlemea, alisinzia chini ya mgunga na kuwaona kambare wakipita juu ya dari bapa la tembe lake, mmoja nyuma ya mwingine, taratibu, juu ya mtama ulioanikwa, bila kuangusha hata punje. Aliamka akiwa na kiu. Ng'ombe wake walikuwa wamesimama wakimtazama.

Akawaza kama mfugaji, kwa sababu hakujua kuwaza kwa namna nyingine. Mgogo mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Huwagawa kwa marafiki wa mbali, huyu wawili, yule mmoja, ili ukame ukipiga hapa pawe na mbegu kule. Aliyewekewa hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye mali. Na ng'ombe akifa, mwenye mali hupelekewa ngozi aione kwa macho yake, asije akadhani amedhulumiwa. Kama ng'ombe wanaweza kuwekwa kwa rafiki, Matonya alijiuliza, kambare wana nini?

Bahi alimkuta Abbasi, mvuvi wa mbugani, mtoto wa mpagazi wa Kinyamwezi ambaye siku moja alichoka na safari, akatua mzigo na kujenga hapo hapo. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo Matonya alijua kwamba kabla ya kusikilizwa atasimangwa, na alisimangwa sawasawa. Abbasi alitaka kujua atawakamua saa ngapi. Aliuliza kama kambare watafungwa kengele, na kama ni kweli Wagogo wameishiwa ng'ombe hata wanataka kumwozesha binti kwa mahari ya samaki. Matonya alivumilia, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwishowe akamweleza habari ya mama yake. Abbasi akaacha wavu aliokuwa akiuziba, akauliza bibi ana umri gani. Kisha akasema atatoa kambare kumi, kwa masharti ya ng'ombe, na wakapeana mikono.

Alimwacha achague mwenyewe. Matonya aliinama juu ya dimbwi ambamo Abbasi alihifadhi samaki wake, akawatazama kwa jicho lililochagua mitamba maisha yake yote. Alichukua majike tisa, yenye matumbo mapana na migongo iliyonyooka. Akachukua dume moja, maana zizi lenye madume mawili halina amani. Alilitambua dume kwa kichwa kipana, shingo nene na tabia ya kuwasukuma wenzake. Abbasi alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, hakuona.

Aliwapakia katika mitungi miwili mikubwa juu ya punda, maji kidogo na nyasi mbichi nyingi, akatembea nao tangu jua lilipopungua makali. Kila alipopita kwenye kisima alilowesha nyasi. Aliwasikia wakivuta hewa ndani ya mitungi, pumzi fupi fupi za uchovu, na akajikuta anawaimbia wimbo wa kuswagia ng'ombe kwa sauti ya chini. Hakuona ajabu yoyote. Asubuhi aliwamwaga kwenye bwawa la juu, ambalo chini ya majabali halikauki. Wawili walikuwa wamekufa.

Akafanya kama desturi inavyotaka. Kambare hana ngozi ya kuwambwa, kwa hiyo alikata vichwa viwili, akavitia chumvi, akarudi navyo Bahi kumwonyesha mwenye mali. Abbasi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akavishika vile vichwa, akavigeuza geuza, na kicheko kikamwisha. Alisema kwamba tangu baba yake ajenge Bahi hakuna mtu aliyewahi kumletea kichwa cha samaki kwa ajili ya uaminifu. Alimkaribisha Matonya wali, na siku hiyo hakumtania tena.

Mvua ilipokuja, Matonya alimwambia mama yake kuwa bwawani kuna kambare wanane. Alidhani atafurahi. Loisi alimshukuru, akamshika kidevu kama mtoto, lakini akasema kwamba waliobebwa si waliokuja. Alfajiri tatu aliegemeza shavu ukutani. Aliyasikia maji, na ndani ya maji hakusikia kitu. Bwawani nako wiki zikapita, mwezi ukapita, na hakuonekana hata mtoto mmoja wa kambare.

Mwisho wa masika Abbasi alikuja kuitazama mifugo yake, kama mwenye mali anavyopaswa. Alimwamkia Loisi, shikamoo bibi, akakaa naye muda mrefu akimsimulia sauti za mbugani, kisha akapanda na Matonya bwawani. Alilinasa lile dume, akaligeuza tumbo juu, akatazama nyuma ya tumbo mahali panapotofautisha dume na jike. Akalirudisha majini. Akamnasa mwingine, na mwingine, wote wanane.

"Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume," alisema. "Wewe, mtani, hata huyo dume huna. Huyu kichwa kikubwa ni bibi kizee."

Matonya aliketi juu ya jabali. Abbasi, ambaye kwa haki ya utani angeweza kumla mzima mzima, alimfundisha bila kumcheka. Kambare si ng'ombe, dume moja halitoshi zizi. Kila jike hutafuta lake. Tena hawatagi kwenye maji yaliyosimama, wanataka maji mapya yanayokimbia, wajue kwamba mbingu zimefunguka. Ndipo akaongeza, kama jambo dogo, kwamba siku ya mvua ya kwanza alikuwa akipita kandokando ya reli, akawaona kambare wamejaa chini ya tundu la tuta. Wamesongamana pale maji yanapoanguka, wanagonga mawe kwa vichwa, na ndege makorongo wamewasimamia wakiwala watakavyo.

"Mwaka huu?" Matonya aliuliza.

"Kila mwaka, mtani. Hawajaacha kuja."

Matonya alilia. Mwanamume wa Kigogo mwenye mvi alilia juu ya jabali mbele ya Mnyamwezi, na Mnyamwezi akageuka kutazama upande mwingine. Miaka yote hiyo wamekuwa wakija, na mama amekuwa akilala na shavu ukutani, na kati yao kuna kimo cha kiuno cha mtu. Akaelewa papo hapo kazi iliyobaki. Na akaelewa pia kwamba kazi hiyo ni ile ile iliyomvunja mama yake: kumshika kambare anayepanda.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Loisi alikohoa. Wakati mwingine alizungumza na watu ambao Matonya hakuwaona, akiwauliza kama kule walipo mto unapita. Matonya hakumwambia alichokusudia. Alisuka matenga, na kila jioni alitazama vilima, akimwomba Mungu wa mwalimu Petro na mizimu ya baba yake, bila kuwabagua, wamwachie bibi mvua moja tu.

Siku mawingu yalipolala juu ya vilima hadi adhuhuri, alimkuta Abbasi tayari yuko kwenye tuta, ameketi na tenga lake kama walivyoahidiana. Kukanyaga tuta kulikatazwa. Aliyekamatwa alipigwa kiboko hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, na wote wawili walilijua hilo. Maji yakaja mekundu, yamebeba vijiti na mavi ya mbuzi, yakapita tunduni, yakaanguka. Baada ya muda mfupi, chini ya maporomoko, migongo myeusi ikaanza kuonekana.

Matonya aliingia majini hadi mapajani, akabaki amesimama. Samaki walimgonga miguuni, wakamzunguka, wakarudi kwenye mawe. Abbasi hakumharakisha. Mwishowe Matonya aliinama, akasema kwa Kigogo maneno ambayo husemwa kwa ng'ombe jike anayekaribia kuzaa, ya kumwomba radhi kwa mkono wa baridi, akamshika wa kwanza. Alikuwa mzito na laini, na moyo wake ulipiga ndani ya viganja vya Matonya. Akamweka tengani. Baada ya huyo mikono haikusita tena. Walijaza, wakapanda tuta, wakavuka vyuma vya reli, wakashuka upande wa pili, wakawamwaga polepole, wakarudi.

Walikuwa juu ya reli, maji yakiwachuruzika migongoni, msimamizi wa njia alipotokea na vibarua wake wawili. Aliuliza wanaiba nini. Abbasi akamweleza, akaeleza vizuri. Yule mtu alitazama ndani ya tenga na kusema basi wampe wawili wa kitoweo, nao waendelee. Matonya alikataa. Alimwambia kwa adabu kwamba wanaopanda hawaliwi, aje wakati wa kushuka achukue kumi. Abbasi alifumba macho akingoja kiboko. Msimamizi aliwatazama kwa zamu, kambare na wanaume, akasema kwao pia upo mto. Akawaamuru wafyeke nyasi kando ya reli siku tatu, kuanzia kesho kutwa, kwa kosa la kukanyaga tuta, wakimaliza ujinga wao kwanza. Wakamaliza giza likiingia, vidole vikiwa vimechubuka.

Matonya alitembea usiku kucha, akafika nyumbani alfajiri. Anyesi alikuwa amekaa karibu na bibi yake, hatwangi. Loisi alikuwa ameegemeza shavu ukutani na macho yake meupe yamefunguka.

"Mbukwa, mama," Matonya alimwamkia kwa Kigogo.

Bibi alimwashiria anyamaze. Kulikuwa na sauti ya maji, na mbu, na ndama. Ukiwa na subira kulikuwa na kitu kingine, cha chini sana, cha kupapasa. Uso wa bibi ulilegea taratibu, mpaka Anyesi akaogopa.

"Wamefika," alisema Loisi. Kisha baada ya kitambo akauliza, "Wamekuja wenyewe?"

Matonya angeweza kusema ndiyo. Njia nzima alikuwa amelipanga hilo jibu, na ni jibu ambalo watu wengi wema wangelitoa. Lakini alikuwa mtu wa kupeleka vichwa viwili hadi Bahi.

"Wamekuja wenyewe mpaka kwenye tuta," alisema. "Miaka yote wamekuja mpaka hapo, mama. Jana nimewavusha. Nimewashika wote, mmoja mmoja, kwa mikono hii, wakiwa na mayai."

Loisi alinyoosha mkono, akavipata viganja vya mwanawe, akapita na vidole juu ya michubuko. Akanusa. Vilikuwa vinanuka kambare.

"Umewashika," alisema.

"Nimewashika."

"Na bado wamepanda."

"Wako hapo chini, mama. Unawasikia."

Aliendelea kuishika mikono ile. Halafu kifua chake kikatetemeka, na Matonya akadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko, kidogo, cha msichana. "Basi hawakunichukia," alisema. "Basi mkono hauna neno."

Akataka apelekwe. Matonya akambeba mgongoni, alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, na Anyesi akatangulia kusukuma nyasi. Walimkalisha ukingoni, miguu majini. Mwanga ulikuwa umeanza kutoka, na maji mekundu yalikuwa yanageuka rangi ya maziwa yenye chai. Loisi aliingiza mkono wake wa kuume ndani ya mkondo, akaufungua, akangoja.

Kambare wa kwanza alimpita kando. Wa pili alikuja pole pole, akagusa kiganja kwa ndevu zake, akapanda juu yake, tumbo zito likapita vidole vyote vitano kimoja kimoja. Bibi hakuvifunga. Alisubiri mpaka mkia umalizike, ndipo akamwambia Matonya kwamba huyu alikuwa na mayai mengi.